Mvua ya Lambwe na Tini za Masese

Jumapili, 5 Oktoba 1997

Jua kali. Leo mume wangu Masese amenizungusha shamba zima, mstari baada ya mstari, kama mtu anayewaonyesha wageni watoto wake. Mitini myeusi ndiyo mingi, imejaa upande wote wa barabara. Ya hudhurungi iko katikati. Ile ya kijani tunaiita ya asali, kwa sababu tunda lake likikaribia kuiva hutoa tone la utomvu mtamu kitakoni. Hiyo ni michache, ameipanda kwenye mteremko wa mawe ambako hakuona kitu kingine cha kupanda.

Masese alifanya kazi miaka mingi kwenye shamba la utafiti huko Ukambani, akarudi na vipandikizi vimefungwa ndani ya gunia bichi. Kwao Nyamira watu wamebanana na baridi haifai tini. Ndiyo maana akanunua hapa Lambwe. "Tini inataka jua," husema, "na jua tunalo." Mwaka jana alikuwa na haki ya kusema hivyo. Kiangazi kilipokaza, tini nyeusi zilisinyaa zikiwa bado zimeshika tawi, ngozi nene, tamu kama sukari guru. Sainab, yule mama mwenye duka la tende na viungo mjini Homa Bay, alizionja akaagiza zake za Ramadhani. Ramadhani ya safari hii inaingia mwisho wa Desemba.

Mimi nami nina langu. Nimepata nafasi chuo cha ualimu Migori, kinafungua Januari. Kaka yangu Omwenga, fundi viatu hukohuko Migori, ndiye aliyehangaika mpaka jina langu likatoka. Nilipomwambia Masese, aliacha chai yake ikapoa, kisha akasema, "Tini kwanza. Tukivuna na Sainab akapata mzigo wake, utaenda." Mama yake alikuwa pale jikoni, alisikia. Nimekubali.

Jumanne, 14 Oktoba

Mvua ya kwanza. Ardhi imenukia vizuri.

Jumatano, 15 Oktoba

Mvua.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mvua tena. Masese anasema itanenepesha matunda.

Sabato, 25 Oktoba

Kanisani mahubiri hayakusikika kwa kelele za mabati. Mhubiri alipiga kelele, akachoka, tukaimba tu. Tulivuka daraja kurudi nyumbani maji yakiwa yamefika kwenye mbao. Jirani yetu Marcella, ambaye ni Mkatoliki na hutusubiri kila Sabato atucheke sisi Wasabato kwa kutopika, alituambia redio inasema maji ya bahari ya mbali sana yamepata joto na mvua hii ina jina, El Niño. "Wuololo, nyar Kisii," akaniambia, yaani ole wetu, binti wa Kisii, "mvua ikishapewa jina, haiendi haraka."

Mama mkwe hakucheka. Jina lake ni Bitutu, lakini si langu kulitamka. Haongei Dholuo, lugha ya watu wa hapa, na Kiswahili chake ni kidogo. Siku nzima hukaa mlangoni mwa jikoni akinitazama. Nikienda kisimani, ananitazama. Nikienda choo, ananitazama. Nahisi Masese amempa kazi ya kunilinda.

Jumatatu, 3 Novemba

Tini nyeusi zimeanza kupasuka.

Kila tini ina tundu dogo chini, Masese huliita jicho. Katika zile nyeusi jicho liko wazi. Kwenye jua hilo halina neno, lakini sasa maji yanaingia, tunda linachacha likiwa bado mtini. Asubuhi nilipofika nilisikia harufu kama ya pombe. Nilishika moja ikafunguka mkononi, ndani rojo ya kijivu na nzi wadogo wakatoka. Nikashika ya pili, na ya tatu.

Za hudhurungi zimenenepa kweli, kama Masese alivyosema, lakini zinachanika ubavuni kama gauni lililobana. Ambazo hazijachanika hazina ladha, unatafuna maji. Majani yamepata kutu, yanaanguka kabla ya wakati.

Za asali ziko ngumu vilevile. Lile tone lao limekauka kwenye jicho likaliziba. Niligeuza tunda baada ya tunda. Yote yamefungwa.

Nilimwambia Masese. Akasema, "Hizo za asali ni mapambo. Sainab ameagiza nyeusi."

Jumanne, 4 Novemba

Mvua.

Jumapili, 9 Novemba

Tumechuma nyeusi zilizopasuka, tumezianika ndani ya nyumba kwenye mikeka. Masese anasema zitakauka. Nyumba nzima inanuka. Nalala nikisikia nzi.

Jumatano, 12 Novemba

Daraja limekwenda. Tulisikia mlio kama lori linamwaga mawe, tukakimbia, tukakuta mbao zimepotea na mto umepanuka mpaka kwenye mkuyu wa Marcella, ule anaouita ng'owo. Swala wa mbugani wamekimbia maji, wamesimama kwenye shamba letu la mahindi. Hawaogopi watu tena, wanatutazama tu na sisi tunawatazama. Nyuma yao kilima, mbele yao maji. Hawana pa kwenda, na sisi hivyohivyo.

Jumatatu, 17 Novemba

Osoro, kijana wa ng'ambo ambaye zamani alikuwa anachimba mchanga, amefunga kamba nene toka mti hadi mti. Anavusha watu kwenye mapipa mawili aliyoyaunganisha kwa mbao. Nimefurahi kupita kiasi. Nimeosha viatu vyangu vya Sabato ingawa hakuna jua la kuvikausha.

Sabato, 22 Novemba

Niandike yote, maana sina mtu wa kumwambia.

Asubuhi mvua ilikuwa nyepesi. Masese alisema kichwa kinamuuma, haendi kanisani. Nikachukua Biblia, nikaifunga kwa nailoni, nikashuka mtoni. Mama mkwe alinifuata kwa mbali akiwa na fimbo yake. Osoro alikuwa upande wetu, anamshusha mwalimu mmoja na mbuzi. Nilimngoja. Mwalimu alipoondoka nikaweka mguu kwenye mbao.

Osoro akashika kamba, hakuivuta. "Mama, shuka kidogo."

"Kuna nini? Umejaa?"

"Hapana." Aliangalia maji. "Mzee wako alikuja juzi. Amesema nisikuvushe."

Nilidhani anatania. "Kwenda kanisani?"

"Kwenda popote. Amesema mabibi wakivuka wakati huu wanasombwa na mimi ndiye nitaulizwa." Kisha akasema polepole, "Lakini Mama, yule mwalimu amevuka. Na mbuzi amevuka. Mimi najua si maji. Nisamehe. Ni bwana yako."

Aibu niliyoipata sijui nianzie wapi kuieleza. Nilishuka. Matope yalinifika kifundoni na viatu vile nilivyoviosha. Nilipogeuka, mama mkwe alikuwa amesimama juu ya ukingo, anaona yote. Nilimpita bila kumwamkia. Ni mara ya kwanza tangu niolewe.

Nilimkuta Masese anapindua tini zake mkekani, zilizoota ukungu mweupe.

"Umemwambia Osoro asinivushe."

Hakukana. "Mto ni mbaya."

"Mwalimu amevuka."

"Mwalimu si mke wangu."

"Na Januari? Nitavukaje kwenda Migori?"

Alichukua tini moja akaifuta ukungu kwa kidole gumba, taratibu, kana kwamba nimemuuliza bei ya kitu. "Nilisema tukivuna. Umeona mavuno hapa?"

"Masese, mvua si kosa langu."

"Si langu pia. Lakini neno nililosema ni hilohilo."

"Basi usipovuna kabisa, nisiende kabisa?"

Akachukua tini nyingine. Nilielewa basi. Nilikuwa nimefikiri anazipenda tini. Kumbe siku hizi akiziona zikioza, kuna kitu ndani yake kinatulia. Sijui kama yeye mwenyewe anakijua.

Jumapili, 23 Novemba

Mvua. Sijaongea na mtu.

Jumanne, 25 Novemba

Mvua. Mikeka imetupwa shimoni na kila kilichokuwa juu yake.

Jumatano, 3 Desemba

Masese ana malaria. Ilianza na kule kuumwa kichwa. Sasa anatetemeka mpaka kitanda kinagonga ukuta. Marcella ameleta dawa aliyokuwa ameiweka kwa ajili ya mumewe, na majani ya mwarobaini. Amemwangalia akatikisa kichwa. "Mosquito mwaka huu wanalala kitandani, watu ndio wanalala nje," akasema. Nilicheka, nikashangaa kwamba bado naweza.

Jumamosi, nimekosea, Sabato, 6 Desemba

Homa imepanda. Alinishika mkono akaniita Nyamoita, jina langu la nyumbani kwetu, ambalo halitumii. Akasema, "Ukivuka hutarudi." Alirudia mara nyingi. Macho yalikuwa wazi lakini sidhani alikuwa ananiona.

Nimekuwa nikimwona kama mtu mgumu. Leo nimeona anaogopa. Nilimwonea huruma, nikamkanda kwa maji, nikambadilisha shuka. Nilipotoka nje kumwaga beseni nikagundua bado nina hasira ileile. Anaogopa, sawa, lakini mimi ndiye niliyefungiwa.

Jumatano, 10 Desemba

Homa imeshuka. Hawezi kusimama bado, amekonda, anakula uji.

Nimekwenda kwenye mteremko wa mawe. Maji hayatuami pale, yanapita tu. Tini za asali zimelainika! Zimechelewa kwa kukosa jua, na si tamu kama zingekuwa, lakini shingo zimelegea na ngozi imekuwa ya manjano. Nilikata moja. Ndani safi, rangi ya asali iliyokorogwa na maziwa. Hakuna nzi. Niliila yote nimesimama kwenye mvua.

Sina jua la kuzikaushia. Nimefikiri usiku kucha. Kuni zitazinukisha moshi. Makaa, labda.

Ijumaa, 12 Desemba

Tumeanza. Nasema "tumeanza" kwa sababu mama mkwe ametokea bila kuitwa. Niling'oa wavu wa banda la kuku la zamani, nikausugua kwa mchanga na maji ya moto, nikautandaza juu ya mawe jikoni, makaa chini. Nilikata tini katikati nikazipanga, sehemu iliyokatwa juu. Za kwanza ziliungua. Mama mkwe alisukuma mawe kwa fimbo yake yakainuka zaidi, akatawanya makaa, akayafunika kwa majivu. Akakaa kwenye kigoda. Zilizofuata zikaanza kukunjamana vizuri.

Jumanne, 16 Desemba

Makaa mchana, makaa jioni. Macho yanawasha.

Leo ameongea. Tunaongea Ekegusii, lugha ya kwetu, tukiwa wawili, lakini kwa kawaida yeye husema "leta" na "weka" tu. Alikuwa anageuza tini kwa vidole, hazimuunguzi, akasema, "Nyumbani saa hii wanachuma chai. Ukungu umeshuka mpaka mlangoni. Dada yangu anapita na kikapu, ananiita."

Nikamuuliza kama anapakumbuka sana.

"Masese alisema tunahamia Lambwe. Nikafunga vitu vyangu. Hakuna aliyeniuliza kama nataka. Hapa sina wa kuzungumza naye. Marcella ananisalimia, namjibu vibaya, anacheka, ndiyo basi. Nakaa mlangoni nakuangalia wewe, kwa sababu wewe unatembea."

Mwaka mzima na zaidi nimedhani ananilinda kama mlinzi wa jela. Niliinua chai yake nikampa kwa mikono miwili.

Jumatatu, 22 Desemba

Masese ametoka nje kwa fimbo. Amefika jikoni, ameona wavu na tini zilizokauka kwenye beseni. Ametafuna moja. Ametafuna kwa muda mrefu.

"Ni za mteremkoni?"

"Ndiyo."

"Sainab aliagiza nyeusi."

Mama mkwe akasema bila kumtazama, "Nyeusi ziko shimoni. Nenda ukamchimbulie."

Alhamisi, 25 Desemba

Mvua. Marcella ametuletea wali wa Krismasi.

Ijumaa, 26 Desemba

Gunia moja limejaa na jingine nusu. Ramadhani inaingia wiki ijayo. Masese hawezi kuvuka, miguu haijapata nguvu. Amelitazama gunia siku nzima. Jioni akasema, "Mtaenda Jumapili. Wewe na Mama. Nitamtumia Osoro neno." Kisha akamgeukia mama yake. "Mama, urudi naye."

"Nimesikia," akasema.

Jumatatu, 29 Desemba, Migori

Naandika mezani kwa kaka yangu Omwenga. Watu wanapita nje kwenda kupiga kura, wengine wamevua viatu, barabara ni tope tupu. Niseme ilivyokuwa.

Jana Osoro alitupokea kwa aibu, akabeba magunia mwenyewe. Mama mkwe alikaa juu ya yale mapipa ameshika kamba kwa mkono mmoja na fimbo kwa mkono mwingine, maji yanamlowesha mpaka kiunoni, anaangalia mbele tu. Hajui kuogelea. Mimi pia sijui. Katikati mbao ziligeuka kidogo, Osoro akapiga kelele, nikamkumbatia yule mama na kamba pamoja. Alikuwa anatetemeka mwili mzima. Tulipofika ng'ambo alitapika, akajifuta mdomo, akasema, "Gari liko wapi?"

Tulipata pikapu ya samaki mpaka Homa Bay. Dukani kwa Sainab palikuwa pamejaa watu wananunua tende. Bintiye Asmaa alitupa viti. Sainab alitupokea kwa furaha, kisha akachungulia ndani ya gunia na uso ukabadilika.

"Hizi si zile."

"Si zile, Mama. Zile mvua imeharibu zote. Hizi ni za asali. Tumezikausha kwa makaa."

"Mimi nimewaambia wateja nyeusi. Watu wameweka oda, unajua?"

Yeye ni Mwislamu, amejaza duka lake kwa ajili ya mwezi mtukufu, na mimi nimemletea kitu ambacho hakuagiza. Nilisema, "Onja tu. Ukikataa tutarudi nazo."

Alichukua kipande akakinusa, akakitia mdomoni. Akamega kingine akampa Asmaa. Walizungumza lugha yao. Kisha Sainab akasema, "Si tamu kama za mwaka jana. Lakini ni laini, na hazina mchanga. Mama yangu hana meno, zile nyeusi zilimshinda." Akacheka. "Leta. Nitawaambia Mungu ametupa hizi."

Asmaa alimimina gunia la kwanza kwenye sinia kubwa, halafu lile la nusu. Tini zilipokwisha, kikaanguka kifurushi cha nailoni. Ndani yake gauni zangu mbili, viatu vyangu vya Sabato vimefungwa kwa gazeti, na vyeti vyangu vya shule.

Sainab akaniangalia. "Na hizi pia ni za Ramadhani?"

Nilimgeukia mama mkwe. Alikuwa anakunywa chai ya tangawizi aliyopewa, anaipuliza polepole, kama hayupo.

Tulipotoka, magari ya Rongo na Migori yalikuwa yakiita abiria upande mmoja wa barabara, na pikapu ya kurudi Lambwe upande wa pili. Nilisimama na kifurushi changu. Miguu yangu haikujua iende upande upi. Nikamwambia, "Mama, ulimwahidi utarudi na mimi."

"Niliambiwa nirudi na wewe," akasema. "Sikuambiwa lini."

"Atakugombeza. Utamwambia nini?"

"Nitamwambia nimekuacha ukiwa mzima. Nitakaa mlangoni. Hatanifukuza, mimi ndiye niliyemzaa." Kisha sauti yake ikabadilika, akanishika kiganja, akakibonyeza mpaka nikahisi kucha zake. "Panda, kabla sijaogopa."

Nilipanda. Nilimwona kwa dirisha akivuka barabara peke yake kati ya mikokoteni, mzee mwenye nguo zilizolowa, hajui lugha ya mtu yeyote pale. Nililia mpaka Rongo.

Jumatatu, 12 Januari 1998

Chuo kimefunguliwa. Bweni lina mabati yanayovuja juu ya kitanda changu. Mvua.

Jumapili, 18 Januari

Mwenzangu wa kitanda cha juu anaimba akiwa amelala. Hatuna ruhusa ya kutoka mpaka mwisho wa mwezi. Lango linafungwa saa kumi na mbili. Usiku bado naota mto, kamba ipo lakini hakuna Osoro.

Ijumaa, 30 Januari

Tumeruhusiwa kutoka, nikamkuta Osoro kwa Omwenga akitengenezewa viatu vyake. Anasema alimvusha mama mkwe salama siku ileile. Masese alikuwa ukingoni anangoja. Alipoona amerudi peke yake hakupiga kelele. Aliketi kwenye matope. Mama yake aliketi kando yake, wakakaa hapo mpaka mvua ikawafukuza.

Jumapili, 15 Februari

Siku ya wageni. Jua, la kwanza la kweli tangu nije. Niliitwa langoni nikajua kabla sijafika.

Masese amekonda, koti linamning'inia. Nilisimama mbali kidogo. Nilikuwa tayari anikamate mkono, nilikuwa nimepanga maneno ya kupiga kelele. Hakunikamata. Aliniamkia kama mtu anavyomwamkia mwalimu.

"Mama mzima?" nikauliza.

"Mzima. Amekwenda Nyamira kwa dada yake. Alisema atarudi, hakusema lini."

Niligeuza uso nisicheke.

Tulikaa kwenye benchi la wageni. Aliniambia ameanza kung'oa mitini myeusi, anataka shamba lote liwe la asali. Nilimwambia asifanye hivyo. Mwaka wa jua zile za asali zitatoa matunda madogo makavu, na nyeusi ndizo zitakazobeba. Apande za asali mahali maji yanapita, aache nyeusi barabarani. Alisikiliza mpaka mwisho. Sikumbuki kama aliwahi kunisikiliza mpaka mwisho.

"Nilimkataza Osoro," akasema.

"Najua."

"Niliona ukienda, nyumba itabaki na mimi na matunda yaliyooza."

Sikumwambia si kitu, kwa sababu ni kitu. Nilimwambia nimesikia.

Kengele ikalia. Akasimama, akafunga vifungo vya koti ingawa kulikuwa na joto. "Muhula ukifungwa, utakuja?"

"Nitakuja kuwatembelea," nikasema.

Neno lilitoka lenyewe, sikulipanga. Alilisikia. Alilirudia kwa sauti ndogo, "Kututembelea," akaitikia kwa kichwa, akatoka. Hakugeuka nyuma mpaka alipofika barabarani, na hata hapo aligeuka kidogo tu, kama anayeangalia gari.

Nilibaki nimeshika chuma cha lango. Mlinzi akaniambia, "Madam, sogea basi, nifunge."

Nikasogea ndani.